Mishororo Iliyogandana: Kisa cha Diwani ya Mjomba na Alama za Markdown

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Tanga. Ametunga mashairi tangu yuko chuo cha ualimu, na mengi yalikaa kwenye madaftari mpaka karatasi zikaanza kuwa za manjano. Miaka kadhaa nyuma aliyapeleka steshenari yachapwe kwenye kompyuta, akarudishiwa yote ndani ya flashi. Mwaka jana nilipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na chai, akanitolea ile flashi. Kwenye kompyuta moja faili zilifunguka kurasa zikiwa zimehama. Kwenye nyingine baadhi ya herufi ziligeuka viboksi. Kwenye simu yake hazikufunguka kabisa.

"Mwanangu," akaniambia, "nataka mjukuu wangu aje ayasome haya bila kumtafuta fundi."

Nikamshauri tuyahamishie mashairi kwenye faili za maandishi matupu, zile ambazo kompyuta yoyote na simu yoyote inazifungua, kisha ajifunze Markdown, yaani alama chache zinazochapwa ndani ya maandishi hayohayo, ili aweze kuonyesha vichwa, maneno ya mkazo, orodha na nukuu. Nakichambua hapa kisa cha wiki mbili zilizofuata. Kosa lililotusumbua zaidi linaweza kumpata yeyote anayeandika ng'ombe, ng'ambo au ng'oa, na nilichelewa sana kuligundua ingawa nilidhani naijua kazi.

Markdown ilitolewa mwaka 2004 na John Gruber, Mmarekani, akisaidiwa mawazo na Aaron Swartz. Shabaha yake ilikuwa faili isomeke vizuri hata ikiwa mbichi, kabla programu yoyote haijaipamba. Ndiyo maana alama zake zinafanana na zile ambazo watu walikuwa wakiziweka wenyewe kwenye barua pepe: nyota kando ya neno la mkazo, vistari mbele ya vitu vinavyoorodheshwa. Somo la kwanza nililompa Mjomba lilikuwa hili:

# Kichwa kikubwa
## Kichwa kidogo
**neno zito** na *neno la mlazo*
- kitu cha kwanza
- kitu cha pili
> maneno ya kunukuu

Alilimaliza alasiri moja. Swali lake pekee lilihusu nyota. Kwenye WhatsApp alikuwa amezoea kuweka nyota moja kila upande na neno likawa zito. Huku nyota moja ikalilaza neno. "Mbona kule inalinenepesha na huku inalilaza?" Nikamweleza kwamba WhatsApp ilipoleta alama zake mwaka 2016 ilijipangia kanuni yake, kwa hiyo huku zinahitajika nyota mbili. Akaandika pembeni ya daftari: *kule moja, huku mbili*. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kazi iliyobaki ni ya kunakili tu.

Siku ya tatu akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya furaha. Alikuwa amenakili shairi la kwanza kutoka kwenye faili za flashi, na ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Mto umejaa maji, ng'ambo sina pa kupita,
Ng'ombe wangu wa mtaji, naye huko aniita,
Ki mbali nami kijiji, kiza nacho chafuata,
Nitavukaje Mpaji, mashua sijaipata.

Alipobonyeza kuona mwonekano uliopambwa, mishororo yote minne ilikuwa imeungana kuwa aya moja ndefu. Vina vya -ji na -ta vilivyokaa vikitazamana vikapotelea katikati ya sentensi. "Hili si shairi tena," alisema, "hii ni insha." Mtu ambaye maisha yake yote amewafundisha watoto kuhesabu mizani nane kwa nane hawezi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo, na wala si dogo. Mshororo ukivunjwa mahali pasipo pake, shairi la arudhi limebomoka.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, nalo ni la mpangilio wa mafunzo. Nilimfundisha alama zinazoonekana nikaacha ile isiyoonekana, yaani mstari mtupu. Katika Markdown, kubonyeza kitufe cha kushuka mstari mara moja hakuvunji chochote. Aya mpya inaanza pale tu unapoacha mstari mtupu. Kanuni hii ina sababu yake. Maandishi ya barua pepe za zamani yalikatwa kila baada ya herufi sabini au themanini hivi ili yatoshe kwenye skrini, na Gruber alitaka aya iliyokatwa hivyo iungane tena vizuri inapogeuzwa kuwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Lugha ya HTML nayo inauchukulia mwisho wa mstari kuwa nafasi tu kati ya maneno mawili. Kanuni hiyo inamfaa mwandishi wa makala. Mshairi, ambaye kwake mwisho wa mstari ni sehemu ya kazi yenyewe, inamwumiza tangu mstari wa pili.

Nikampa dawa inayojulikana: weka nafasi mbili mwishoni mwa mshororo, ndipo ushuke. Dawa hiyo imo kwenye Markdown tangu mwanzo. Kesho yake akanitumia picha ya skrini. Mishororo kadhaa ilikuwa bado imeungana, na sasa mwisho wa kila mmoja palikuwa na nukta ambayo yeye hakuiweka. Mjomba alikuwa akiandikia kwenye simu, na kibodi nyingi za simu zimewekwa hivi: ukigusa nafasi mara mbili, zinakuandikia nukta. Hata kwenye kompyuta nafasi mbili hizo ni hatari, kwa sababu ziko programu za kuandikia zinazofuta nafasi za mwisho wa mstari kila unapohifadhi faili. Tangu siku hiyo simfundishi mtu nafasi mbili. Alama ambayo mwandishi hawezi kuiona kwa macho hawezi pia kuisahihisha.

Tukahamia kwenye mkwaju uliolalia nyuma, \, unaowekwa mwishoni mwa mstari. Huu haukuwamo katika Markdown ya Gruber. Umo katika CommonMark, maelezo ya kina ya kanuni yaliyotolewa mwaka 2014 na John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao baada ya programu nyingi kuwa zinatofautiana katika kuzisoma alama zilezile. Nilihakikisha kwanza kwamba programu ya Mjomba inaifuata CommonMark. Akaweka mikwaju. Mshororo wa tatu ukajitenga, wa nne ukajitenga. Wa kwanza na wa pili wakabaki wamegandana, na mkwaju wenyewe ukaonekana katikati yao:

Mto umejaa maji, ngambo sina pa kupita,\ Ngombe wangu wa mtaji, naye huko aniita,

Jioni hiyo nilikwenda kwake. Nilikuwa na jibu mfukoni: nikadhani baada ya mkwaju ameacha nafasi, kwa sababu mkwaju ukifuatwa na nafasi hauvunji mstari. Nikafuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha programu, matokeo yakawa yaleyale. Nikayasoma mashairi mengine na hapo ndipo niliposhikwa na wasiwasi, maana kosa lilikuwa halina mpangilio. Ubeti wa kwanza umeharibika, wa pili mzima, wa tatu mzima, wa nne mishororo miwili ya mwisho imegandana. Kwenye shairi jingine mishororo yote iko mahali pake ila nusu ya mshororo mmoja imebadilika sura ya herufi.

Mjomba alikuwa amenionyesha dalili hiyo ya herufi tangu picha ya kwanza kabisa. Aliniambia, "Mbona hapa maandishi yamekuwa kama ya mashine ya taipu?" Nami nikamjibu kwamba ni mtindo wa programu tu, tutaurekebisha baadaye. Jibu hilo lilitugharimu siku nyingi. Yeye alikuwa amesoma mwonekano neno kwa neno kama anavyosahihisha insha ya mwanafunzi; mimi nilikuwa natazama mishororo imevunjika au haikuvunjika, basi.

Nilipoishiwa na dhana nikarudi kwenye njia ya mafundi wote. Nikanakili ubeti ule mmoja kwenye faili mpya, peke yake, nikaanza kuondoa mshororo mmoja mmoja. Nilipoondoa wa nne, kosa likabaki. Nilipoondoa wa tatu, likabaki. Nilipoondoa wa pili, likatoweka. Nikaurudisha wa pili nikaondoa wa kwanza, nalo likatoweka pia. Basi kosa halikuwa ndani ya mshororo wa kwanza wala ndani ya wa pili. Lilihitaji yote miwili iwepo. Kitu kilichomo huku kilikuwa kinashikana na kitu kilichomo kule.

Mjomba ndiye aliyekitaja. Akasogeza miwani, akaitazama mishororo miwili iliyobaki, akasema, "Vyote viwili vina ng' yenye ritifaa. Na kwenye mwonekano ritifaa hazipo. Imeandika *ngambo*."

Nikakuza maandishi ya faili mbichi mpaka herufi zikawa kubwa kama kidole. Ile haikuwa ritifaa. Ilikuwa kile kialama kinachoinama kutoka kushoto, kilichopo kwenye kitufe cha pembeni kabisa, chini ya Esc. Kijana wa steshenari alikuwa ameandika ng`ambo na ng`ombe, na alikuwa amefanya hivyo katika diwani nzima.

Kwa jicho, ritifaa na kialama hicho vinakaribiana sana. Kwenye karatasi iliyochapwa hakuna msomaji aliyewahi kulalamika. Kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti kabisa: katika orodha ya herufi ya ASCII, ritifaa ni namba 39 na kialama kile ni namba 96. Na katika Markdown namba 96 ina kazi maalumu. Vikiwapo viwili ndani ya aya moja, kila kilicho kati yake kinahesabiwa kuwa msimbo wa kompyuta, kinaandikwa kwa herufi za mashine ya taipu, na vialama vyenyewe vinaondolewa. Ndani ya msimbo, mkwaju unabaki kuwa mkwaju, na kushuka mstari kunakuwa nafasi tu. Kwa hiyo programu ilikuwa imechukua maneno "ambo sina pa kupita,\ Ng" kuwa msimbo mmoja, ikaugandisha mshororo wa kwanza na wa pili kwa uaminifu kamili wa kanuni zake. Nafasi mbili na mkwaju havikuwa na kosa lolote. Vilikuwa vimemezwa.

Tulipojua hivyo, ule ukosefu wa mpangilio ukapata maelezo, beti kwa beti. Ubeti wenye ng` moja tu ulikuwa salama, kwa sababu kialama kisicho na mwenzake kinaachwa kilivyo. Kialama hakiwezi kumtafuta mwenzake ng'ambo ya mstari mtupu, kwa hiyo ubeti mmoja haukuuharibu mwingine. Ubeti wenye ng` mbili katika mishororo tofauti uligandana kuanzia ya kwanza mpaka ya pili. Zilipokuwa mbili ndani ya mshororo mmoja, mishororo haikugandana, sura ya herufi tu ndiyo iliyobadilika. Na zilipokuwa tatu, mbili za mwanzo zilishikana na ya tatu ikabaki mpweke. Mjomba aliyachukua madaftari yake akaanza kubashiri, kabla hatujafungua faili, ubeti upi utakuwa umeharibika na kwa namna gani. Hakukosea hata mmoja.

Sikubaliani na wanaosema ritifaa ya ng' iachwe tu ili mambo yawe mepesi. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ritifaa ni sehemu ya tahajia, nayo inastahili kuandikwa kwa alama yake yenyewe. Tulichofanya ni kubadilisha ` zote kuwa ' kwenye folda nzima kwa mkupuo mmoja, baada ya kutengeneza nakala ya akiba. Katika diwani hatua hiyo ni salama kwa sababu hakuna msimbo wa kweli. Kama faili zako ni maelezo ya kompyuta yenye msimbo ndani, usibadilishe kwa mkupuo. Tafuta ng` peke yake, ukikumbuka na NG` ya herufi kubwa. Ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, haina madhara kwa Markdown, ila ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka huenda usimpate ng’ombe wa ritifaa iliyopinda. Tukachagua iliyonyooka, basi.

Yalibaki makosa mawili madogo. Kwenye baadhi ya mashairi beti zilitenganishwa kwa vistari vitatu vilivyokaa moja kwa moja chini ya kituo, mtindo wa siku za mashine ya taipu. CommonMark inavisoma vistari vilivyogusana na aya kuwa ni alama ya kichwa, kwa hiyo ubeti mzima ukatokea kwa maandishi makubwa meusi. Ukiacha mstari mtupu juu yake, vistari vinakuwa mstari wa kutenganisha kama ulivyokusudia. Na pale Mjomba alipoanza mstari kwa mwaka na nukta, kama "1985. Niliandika haya nikiwa likizo", programu ikadhani ni orodha yenye namba. Mkwaju mmoja kabla ya nukta, 1985\. hivi, ulitosha.

Kama ningeanza upya na Mjomba, ningeweka ubeti wake mmoja mezani tangu dakika ya kwanza, nikamwomba aandike hivyohivyo bila alama hata moja, tukatazama pamoja nini kimevunjika. Kutoka hapo tungejifunza mstari mtupu, kisha kuvunja mshororo, na vichwa na nyota vingefuata tukivihitaji. Nilimfundisha kwa mpangilio wa vitini vya Markdown, ambavyo kwa kawaida huanza na vichwa. Shida za mtu huwa kwenye maandishi yake mwenyewe, na mshairi, karani wa kikundi cha kuweka na kukopa na mwandishi wa mapishi hawakwami mahali pamoja.

Siku ya mwisho tulibishana kuhusu mikwaju. Diwani ilikuwa imekamilika, kila mshororo ukiwa na \ mwishoni, na mwonekano ulikuwa safi. Mjomba alifungua faili mbichi kwenye simu, akasoma kimya, kisha akaniuliza kama mjukuu wake naye atasoma na mikwaju hiyo yote. Nikamweleza njia nyingine: Pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine ambayo John MacFarlane aliianzisha mwaka 2006, inakubali kila mshororo uanze na kistari kilichosimama, |, na njia hiyo imewekwa kwa ajili ya mashairi na anwani hasa. Akavipenda vistari vile, akasema vinafanana na ua wa shamba. Lakini programu nyingi nyingine hazivijui, zinavionyesha hivyohivyo, na kwa msomaji wa faili mbichi vingekuwa mzigo uleule upande wa pili wa ukurasa.

"Sasa," akasema, "ubeti wenyewe, bila kitu chochote, una kasoro gani kwa msomaji?"

Haukuwa na kasoro. Ukiufungua mbichi, mishororo minne imekaa minne, koma zinatenganisha ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mshororo, na mstari mtupu unatenganisha beti. Aliyehitaji msaada ni programu peke yake, na inaweza kupewa msaada huo wakati wa kugeuza, nje ya faili. Pandoc ina mpangilio unaoiambia ihesabu kila mwisho wa mstari kuwa mwisho kweli. Tukafuta mikwaju yote ya mwisho wa mishororo, tukaacha ile ya miaka tu, na amri ya kutengeneza kitabu ikawa hii:

pandoc -f markdown+hard_line_breaks diwani.md -o diwani.docx

Sharti lake ni moja. Utangulizi na maelezo ya nathari lazima yaandikwe kila aya kwa mstari mmoja mrefu usiokatwa katikati, la sivyo nayo yatavunjika kama shairi. Mjomba alikuwa ameukata utangulizi wake kwa mkono, kila mstari maneno kumi hivi, kwa mazoea ya mashine ya taipu. Aliketi akaunganisha aya zake moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho akaongeza chini ya jina lake mstari mmoja kwa ajili ya atakayefungua faili baada yake: "Katika mashairi, nilipovunja mstari nimekusudia. Katika maelezo, usivunje."